Unguja, Pemba au Mafia: kisiwa kipi uende na rafiki?

Saa nne asubuhi, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwenzangu alikuwa ameshajiandaa: khanga kiunoni, taulo begani, mafuta ya jua yameacha doa jeupe puani. Tukatoka getini, akasimama. Mbele yetu mchanga, halafu vidimbwi, halafu wanawake walioinama kwenye mistari ya vigingi vya mwani, na mbali kabisa uzi mweupe wa mawimbi yanayopasukia kwenye mwamba. Ngalawa zimelala ubavu kama zimechoka.

"Sasa hii bahari imeenda wapi?" aliuliza, na Kiswahili chake cha Nairobi kikazidi kuchanganyikiwa.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na gunia la mwani kichwani alimjibu bila kusimama: "Maji yamekupwa, mwanangu. Yatarudi. Nenda kale kwanza."

Tukaenda kula. Saa nane maji yalikuwa yamefika magotini, na saa kumi yalikuwa yanalamba ngazi za hoteli. Hatukupoteza kitu, ila tulikuwa na siku tatu tu, na nusu ya kila siku tuliitumia kuitazama bahari kwa mbali.

Toka hapo, mtu akiniuliza aende kisiwa gani na rafiki yake, namrudishia maswali mawili kabla ya yote. La kwanza: mnaenda mwezi ukiwa wa ngapi, nikimaanisha huo wa angani? La pili: mlishawahi kulala chumba kimoja siku nne mfululizo? Maana visiwa vyetu vitatu hivi havitofautiani sana kwa uzuri. Vinatofautiana kwa namna vinavyowaweka ninyi wawili. Unguja inawaruhusu kuachana asubuhi na kukutana jioni. Mafia inawafunga kwenye mashua moja kutwa. Pemba inawakabidhi kwa wenyeji, na mwenye haya kati yenu atapata tabu.

(Lamu nimeiacha nje kwa makusudi, ingawa mwenzangu hunilaumu kila mara. Mji wake wa kale uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na kwa mtu anayetoka Nairobi ni ndege moja hadi Manda kisha boti. Ukitokea Dar, nauli peke yake inakula safari. Ukiwa Mkenya, soma haya kisha ujiongeze.)

Kufika

Unguja haina maneno. Boti ya kasi kutoka bandari ya Dar ni kama saa mbili, zipo za asubuhi, mchana na jioni, na ndege ndogo ni dakika ishirini hivi. Beba kitambulisho, maana bila hicho tiketi hukati. Mwenye pasipoti ya Ulaya au Marekani akumbuke pia bima ya lazima ya Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44; ilipiwe mtandaoni kabla, si pale uwanjani huku foleni inakusukuma mgongo.

Jambo moja la boti ambalo matangazo hayalisemi: kuanzia Juni hadi Agosti kusi, upepo wa kusini, linavuma, na mkondo unachafuka. Wahudumu hupita na mifuko ya plastiki kabla hata hujaihitaji. Kaa nyuma, chini, katikati. Viti vya mbele juu vyenye dirisha zuri waachie wageni.

Pemba mara nyingi unaifikia kupitia Unguja, kwa boti hadi bandari ya Mkoani au kwa ndege hadi Chake Chake. Boti si za kila saa, kwa hiyo usipange kurudi Jumapili jioni ukiwa na kikao Jumatatu asubuhi.

Mafia ndiyo inayotenganisha marafiki. Wenye fedha hupanda ndege Dar, nusu saa hivi, wanashuka Kilindoni wakiwa na nywele zao. Wengine tunaanzia Mbagala Rangi Tatu kwa basi hadi Nyamisati, kisha tunapanda chombo kinachopita kati ya mikoko ya delta ya Rufiji kabla ya kutoka bahari kuu. Chombo hufuata maji na hali ya hewa, si saa yako ya mkononi. Mara ya kwanza nilichelewa kuamka, basi likajaza abiria njiani, na tulipofika Nyamisati tukaona mkia wake tu. Tulilala pale pale, kwenye chumba chenye neti moja yenye tundu, mimi nikiwa nimenuniwa. Kosa lilikuwa langu. Nalitaja kwa sababu kama rafiki yako ni wa kununa, mlipie ndege.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari ya kwetu inakuwa ya bamvua: inajaa sana, inakupwa sana. Pwani ya Unguja na jirani zake, siku hizo maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: bahari inapanda na kushuka kidogo tu, na saa zake zinageuka, asubuhi ndiyo inakuwa imejaa. Tofauti hiyo ya juma moja inaweza kukupa likizo mbili tofauti kwenye chumba kile kile.

Ufukwe wa mashariki ya Unguja, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani hadi Makunduchi, ni tambarare mno, na mwamba uko mbali. Kwa hiyo bamvua ikikukuta huko, asubuhi huna bahari. Una kitu kingine: unaweza kutembea karibu hadi mwambani, uone kiti cha pweza, yaani nyota wa baharini, uzungumze na wakulima wa mwani, maana hiyo ndiyo saa yao ya kazi. Vaa viatu, urchini, yule wa miiba, haombi radhi. Na kama mmoja wenu anajifunza kuteleza kwa tiara, Paje ndipo penyewe, msimu wa kusi na wa kaskazi.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufukwe unashuka haraka, na hasa Kendwa unaogelea karibu saa yoyote. Gharama yake ni utulivu. Kuna muziki, kuna vijana wa kuuza safari za boti wanaokuita dada kila hatua tano, na jua likizama Kendwa unalitazama pamoja na watu mia. Mimi napenda kwa usiku mmoja. Mwenzangu angeweza kuhamia.

Mafia inawashangaza wanaokuja na picha ya Kendwa kichwani. Utende, kunakokaa wageni wengi, ufukwe ni mfupi, una mikoko pembeni, na maji yakikupwa si pa kuogelea. Uzuri wa Mafia uko chini ya maji na unafikiwa kwa mashua: miamba ya Ghuba ya Chole, fungu la mchanga la Marimbani linalojitokeza maji yakikupwa na kumezwa yakijaa. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, na matumbawe yake yanaonyesha hivyo. Kama rafiki yako haogelei na hataki kujifunza, Mafia kwake ni kukaa kwenye mashua akishika begi lako.

Pemba ina Vumawimbi, upande wa kaskazini, nyuma ya msitu wa Ngezi. Unapita chini ya miti mirefu yenye giza, halafu ghafla mweupe. Tulipofika palikuwa na wavuvi wanne wakivuta wavu, ng'ombe mmoja na sisi. Hakuna kiti wala kinywaji, na kivuli ni cha kubahatisha. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, kina maji ambayo sijayaona Unguja kwa uangavu, na huko pia ni hifadhi.

Siku ya pili mtafanya nini

Unguja, swali hili halipo. Mji Mkongwe, vyakula vya bustani ya Forodhani usiku, kima punju wa msitu wa Jozani, kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu ambao asili yao ni Ushelisheli, mashamba ya viungo, msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwa linapigwa Februari, mji mzima ni ngoma. Na hili ndilo linaloiokoa Unguja kwa marafiki wasiofanana: mmoja anaweza kulala hadi saa tano, mwingine akapanda daladala ya 116 akaenda Nungwi, na jioni wakakutana kwenye bakuli la urojo bila mtu kumdai mwenzake maelezo. Urojo wenyewe ule wa mtaani, kwenye benchi, si Forodhani. Forodhani nenda kwa miwa na kelele.

Mafia una ratiba moja, na ni ya potwe. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Februari wanasogea karibu na Kilindoni kufuata vijidudu vya majini. Usitarajie maji ya kioo: maji yenye chakula chao huwa na ukijani. Mnatoka asubuhi, nahodha anasimama juu ya gogo la mbele akitafuta kivuli, na mnaweza kukaa saa nzima mkichomwa jua bila neno. Halafu anapiga kelele, "Shuka! Shuka!", nanyi mnatumbukia na miwani imekaa upande.

Nilichokiona kwanza ni mdomo. Mpana kama mlango wa kabati, umefunguka, unakuja. Akili inajua kwamba hana nia na mimi, miguu haikujua. Akapinda polepole, madoa meupe yakapita mbele ya uso wangu kama kitenge kinachovutwa dukani, yakapita, yakaendelea kupita, kisha mkia, mara moja, na akawa kivuli. Wa Mafia wengi bado ni vijana, mita sita saba. Mwenzangu aliibuka akilia na kucheka kwa pamoja, amenishika jaketi mgongoni. Hatujawahi kulizungumzia vizuri, lakini ule ugomvi wa Nyamisati uliishia pale. Sharti ni kutomgusa na kutomfuata mkia kwa karibu, na nahodha wa maana atawaeleza kabla ya kuwasha mashine. Asipoeleza, muulize; ni samaki wa wavuvi wa pale kabla ya kuwa wenu.

Siku nyingine Mafia ni za polepole. Kwenye kisiwa kidogo cha Chole kuna magofu ya enzi ya Wajerumani yaliyobebwa na mizizi, popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, na mafundi wa majahazi wanagonga mbao kwa zana ambazo babu zao wangezitambua. Juani, kisiwa kingine, kuna magofu ya mji wa kale wa Kua na, miezi ya Juni hadi Septemba hivi, kasa wanaoanguliwa na kukimbilia maji. Baada ya hapo mnacheza karata. Wilaya nzima haifiki watu 70,000, na saa tatu usiku Utende inalala.

Pemba hakuna mtu wa kukuuzia siku. Lazima muombe, muulize, mpande gari la abiria, mkae kwenye baraza. Mwenye ulimi mwepesi atafaidi. Msimu wa karafuu ukikolea, barabara ya Chake hadi Wete inanuka kabla hujaiona: majamvi yametandazwa kando ya lami, karafuu zinageuka kutoka kijani na wekundu kwenda kahawia, na mtoto amewekwa kufukuza kuku. Tulisimama mahali nikamuuliza bibi mmoja kama naweza kupiga picha. "Picha piga, ila usizikanyage, hizo ni ada ya shule." Akatukalisha. Tukala mihogo ya nazi, akatueleza jinsi ya kutenganisha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa kiganja, akatucheka kwa uzembe wa vidole vyetu. Makonyo nayo hayatupwi, hutolewa mafuta kwenye kiwanda cha Wawi. Kidike mnaona popo wa Pemba, ambaye hapatikani porini kwingine kokote duniani. Lakini nilichoondoka nacho ni ile saa na nusu ya vidole.

Mwenzangu aliipenda Pemba siku mbili. Ya tatu akaanza kuuliza mahali pa muziki.

Chumba, mfuko na heshima

Unguja ina kitanda cha kila kipato, kuanzia bweni la vijana Paje hadi hoteli ambazo bei yake ya usiku ni kodi yangu ya miezi. Ila soma neno kwa neno. Nyumba moja ya wageni ilituandikia "vitanda viwili". Tulipofungua mlango tukakuta kimoja kikubwa kilichopambwa maua ya waridi na mataulo yaliyokunjwa kuwa bata wawili wanaobusiana. Tulilala na bata wetu. Siku hizi napiga simu na kuuliza: vitanda vimeachana?

Kama ni mwanamume na mwanamke wasiooana, ulizeni mapema zaidi. Nyumba ndogo za wageni, hasa Pemba na vijijini Unguja, baadhi haziwapi chumba kimoja bila cheti cha ndoa. Si ubaya wao, ni mila ya mahali, na vyumba viwili kwa Pemba si ghali. Mavazi vivyo hivyo: ufukweni jiachie, ukiingia kijijini au mjini funika mabega na magoti. Pombe Unguja ipo kwenye hoteli. Pemba uitafute kwa tochi. Ramadhani, mchana migahawa mingi ya wenyeji imefungwa, na futari ya kualikwa Pemba ni chakula bora nilichowahi kula kwenye safari yoyote.

Kwa fedha, Mafia inadanganya. Kula na kulala Kilindoni ni nafuu, bajaji hadi Utende ni barabara ya lami na si mbali. Lakini ada ya hifadhi hulipwa kwa kila siku (raia kidogo, mgeni kwa dola), na mashua hukodiwa nzima, muwe wawili au wanane. Wawili peke yenu mtaumia. Sisi tuliwasubiri wageni wengine kwenye baraza ya chai Utende hadi tukawa sita, tukagawana. Unguja mashua za kuchangia zipo kila siku. Pemba hazipo karibu kabisa, kwa hiyo Misali ipangeni kama matumizi makubwa ya safari. Na bebeni noti: kwenye visiwa vidogo kama Chole na Juani hutakuta mashine ya benki.

Kuhusu mfuko, tulijaribu "leo wewe kesho mimi" na tukafikia kuhesabiana soda. Sasa tunaweka kiasi sawa kwenye pochi moja asubuhi, chakula na usafiri vinatoka humo, zawadi kila mtu na lake.

Kwa hiyo

Kama hamjawahi kusafiri pamoja, nendeni Unguja, na mgawe: usiku mmoja mjini, mwingi ufukweni. Maji mafu, chagueni mashariki. Bamvua, chagueni kaskazini, au kubalini kuogelea jioni na kutembea asubuhi. Siku nne zinatosha.

Kama mmeshagombana na mkapatana walau mara moja, na wote mnapenda maji, subirini Oktoba mwende Mafia, siku tano. Pungufu ya hapo ni hatari, maana upepo ukiwanyima siku moja ya potwe mtakuwa hamna ya akiba. Machi hadi Mei sizipendekezi popote. Masika yakishika, hata Forodhani inafungasha.

Pemba mpeleke rafiki ambaye mnaweza kukaa naye kimya. Iunganishe na Unguja, siku tatu huku, mbili kule, ili kama ni wa muziki asikose. Kuunganisha Mafia na Unguja kwa njia ya maji ni kurudi Dar na kuanza upya, kwa hiyo labda kwa ndege.

Mwenzangu ameshanitumia tarehe za Februari. Nimefungua kalenda: mwezi unakuwa mpevu siku ya pili baada ya kufika. Nimemjibu sawa, ila tunalala Kendwa, na simu ya kuulizia vitanda anapiga yeye.